Jumatatu za Damu

Ijumaa, 25 Shaabani

Daktari Rumana kanambia niandike kila siku: joto la mwili wa mwanangu asubuhi, kala nini, kakohoa au hakukohoa. Nimenunua daftari Darajani. Basi: homa hana. Kala mkate wa ufuta na samaki wa kupaka. Hakukohoa.

Nimemaliza, na kalamu bado ina hamu. Mie kisomo changu kidogo, nilitoka skuli nikaolewa, lakini kuandika napenda kama wenzangu wanavyopenda kukaa barazani. Na baraza sasa sina. Toka turudi kutoka bara mlango wetu umefungwa, wageni tunawaitikia kutoka dirishani, wao chini uchochoroni, sie juu ghorofa ya tatu. Kwa hivyo utanisikiliza wewe utakayesoma, kama upo.

Mwanangu Muzdalifa kazaliwa na sikoseli, maradhi ya damu. Miaka kumi na minane sasa, na katika hiyo sijui mingapi kalala akilia mifupa. Marehemu baba yake alikuwa akimbeba mgongoni hizi ngazi za Kiponda mpaka naye akaanza kuumwa mgongo. Mwaka jana mwishoni wakamtoa kaka yake Mudrik uloto ndani ya mfupa wa nyonga, wakamtia yeye mshipani kama wanavyotia maji. Umeshika. Damu yake ilikuwa kundi O, sasa kundi B kama ya kaka yake. Daktari kanieleza kwamba damu yote inayotembea ndani ya Muzdalifa sasa ni ya Mudrik. Alisema kwa furaha, kama anayetoa bishara. Nikaitika Alhamdulillahi, na macho yangu yakaenda ukutani.

Jumatatu, 28 Shaabani

Siku ya damu. Kila Jumatatu anakuja Bi Prabha, jirani yetu wa uchochoro wa pili, nesi mstaafu, mkono wake mwepesi hata mtoto mchanga halii. Kwanza humpa Muzdalifa glasi mbili za maji. "Kunywa, beti, binti yangu," humwambia, "mshipa wako unajificha kama mdaiwa." Hachomi mpaka maji yaishe. Kichupa kinatiwa kwenye deli la barafu, Mudrik anakipeleka bandarini, boti inavuka nacho Dar, na siku ya tatu Daktari Rumana ananipigia.

Wanachokitafuta ni kirusi, jina lake herufi tatu, si-em-vi. Daktari alinieleza kabla hatujaondoka. Wengi wetu tunacho toka utotoni, kasema, kimelala ndani yetu na hatujui. Mwenye kinga hakimdhuru. Lakini kinga ya Muzdalifa ni changa, na zile dawa za kuufanya mwili uikubali damu ya kaka yake zinazidi kuituliza. Kikiamka hakibishi hodi. Homa hana, kikohozi hana, anacheka, anakula. "Damu inajua kabla ya mwili, Bi Ulfat. Tukikiona kwenye damu, vidonge tu vinakizima. Tukisubiri mwili useme, tumechelewa."

Toka siku hiyo nikimtazama mwanangu anapochana nywele naona kama namtazama mtu aliyembeba mwengine aliyelala.

Alhamisi, 1 Ramadhani

Mwezi umeandama. Daktari kamkataza Muzdalifa kufunga mwaka huu. Yeye kageukia msahafu wake. Dawa zake kakubaliwa azinywe wakati wa daku na wakati wa futari, kwa kuwa na sisi tuko macho. Mchana nampelekea sinia chumbani kwake, chakula cha moto, kimefunikwa kawa. Homa hana.

Ijumaa, 2 Ramadhani

Wifi yangu Bi Sichana kaja kutoka Tumbatu kunisaidia mwezi huu. Kafika juu anahema.

"Wifi, ngazi zako hizi mtu akipanda anafika peponi kabla hajafa."

Nimemwambia anawe mikono na avae barakoa. Kavaa, kaishusha kidevuni.

"Juu, wifi."

"Mimi nimelea watoto saba bila ya kitambaa mdomoni."

"Na wewe ulilea wako. Juu."

Jumatatu, 5 Ramadhani

Damu imetoka vizuri. Bi Prabha kaaga: mwanawe Hitesh kapata mtoto Dar, anakwenda kukaa nao mpaka Idd. Kanishika mkono. "Mudrik yuko mwaka wa pili chuo cha afya, nimemfundisha mwenyewe kwenye mkono wangu huu mzee. Ataweza." Mudrik kainamisha kichwa kama bwana harusi.

Alhamisi, 8 Ramadhani

Haikuonekana. Ndivyo anavyosema daktari wakati kirusi hakimo, "haikuonekana." Nimesujudu hapo hapo jikoni. Lakini nikijiinua neno limenikaa vibaya. Kutoonekana si kutokuwapo.

Jumamosi, 10 Ramadhani

Leo adhuhuri nilimwita Mudrik aje anishushie gunia la muhogo. "Naam!" Imetoka juu, chumbani kwa Muzdalifa, na Mudrik hayupo, kenda Jang'ombe kwa rafiki yake. Nikapanda. Muzdalifa kakaa kitandani na msahafu.

"Nimemwita Mudrik, mwanangu."

Kanitazama. "Nimedhani umeniita mimi."

Tumecheka wote wawili. Nimeshuka polepole, nimeshika kamba ya ngazi.

Jumapili, 11 Ramadhani

Joto. Kaskazi imekufa na kusi haijazaliwa, maleleji tu, nguo kambani hazitikisiki. Paka wameanza kupanda. Uchochoro wetu una paka wake siku zote, lakini hawakuwa wakipanda ghorofa ya tatu. Leo mchana nimewakuta watano mbele ya mlango wa Muzdalifa, wamekaa kama watu wanaongoja khitma ianze. Nimewafukuza. Wamesogea ngazi moja, wakakaa.

Bi Sichana kawaona. Kanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Jumatatu, 12 Ramadhani

Mudrik kamtoa damu dada yake. Mlango waliufunga, kasema mkono wake unatetemeka mtu akimtazama. Baada ya dakika chache katoka na kichupa, uso unamtoka jasho. "Tayari, mama." Kakimbia na deli bandarini. Alhamdulillahi, mtoto kashakuwa mtu mzima.

Jumatano, 14 Ramadhani

Daktari kawahi kupiga. Haikuonekana.

Muzdalifa uso umemng'aa siku hizi, sijapata kumwona hivi. Anakwenda na kurudi roshani kumsikiliza muadhini wa alasiri, anasoma juzuu zake, anatukatia sisi ndizi za futari. Ikiadhiniwa magharibi yeye ndiye wa mwanzo kunyoosha mkono kwenye tende. Namwambia, "Wewe umekula mchana na unatushinda sisi tuliofunga?" Anacheka, tende iko shavuni.

Ijumaa, 16 Ramadhani

Leo sina budi niandike kwa kirefu, maana nimemtolea wifi yangu maneno na saumu yangu mdomoni.

Tulikuwa jikoni tunakuna nazi. Bi Sichana kaweka mbuzi chini.

"Wifi, mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Nyumba yako hii ina nzi?"

"Nzi wa nini? Kila kitu nakifunika, kila kitu nakipiga dawa, wewe mwenyewe unanicheka."

"Ndiyo. Haina nzi." Kasogea. "Jana nimekaa na mtoto roshani. Akafanya hivi." Kapunga mkono mbele ya jicho lake la kushoto, taratibu, kama anayefukuza mdudu. "Nikadhani bahati mbaya. Akafanya tena. Nikamwuliza, unafukuza nini mwanangu? Akasema, nzi, shangazi. Nikatazama. Hapana nzi, wifi. Hapana hata mbu."

Nikaendelea kukuna. Nazi ikafika kwenye kifuu, nakuna kifuu.

"Na paka wanakuja kufanya nini pale mlangoni kila adhuhuri? Na anaitwa kaka yake anaitika yeye. Wifi, mtu akitiwa damu ya mwengine, anayekula ni nani na anayeitika ni nani? Kwetu kuna bwana mmoja..."

Hapo ndipo nilipomkata. Nikamwambia nyumba hii inasomwa Qur'ani asubuhi na jioni, sitaki habari za mabwana wala za pepo, na kama kaja kunitilia shaka ndani ya mwezi mtukufu, boti ya Mkokotoni ya kumrudisha kwao ipo. Kachukua mbuzi wake kaendelea. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia baadae, nikisingizia vitunguu.

Baada ya alasiri nimekwenda roshani kwa miguu mitupu. Muzdalifa kanipa mgongo. Hewa imesimama. Nimesimama nyuma yake nikamtazama muda mrefu, na nikaona mkono wake wa kushoto ukinyanyuka, ukapita mbele ya uso, ukashuka. Hapakuwa na kitu. Chini uchochoroni mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani.

Nimerudi ndani. Nimesoma Ayatul Kursiy nikampulizia kwa mbali.

Jumamosi, 17 Ramadhani

Homa hana. Kikohozi hana. Hapunguki, hakondi. Nimemwuliza, macho yanakusumbua? Kasema vumbi tu.

Jumatatu, 19 Ramadhani

Kichupa kimekwenda. Mara hii wanapima na kiwango cha dawa, zile za kuulinda uloto, kuona zimo kiasi gani ndani ya damu.

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika na leo mchana ukuta wa chumba cha Muzdalifa umetoa jasho. Mawe haya ya zamani yana chumvi, mvua ikikaribia yanalia, nalijua hilo toka nazaliwa. Nimelifuta kwa kitambaa. Limerudi.

Jumatano, 21 Ramadhani

Daktari Rumana kapiga wakati natia tambi sukari. Sauti yake si ile.

"Bi Ulfat, Muzdalifa anakunywa dawa?"

"Anakunywa, daktari. Mbele ya macho yangu, daku na futari."

"Una hakika anameza?"

"Namtazama mpaka koo linashuka."

Nasikia anapindua karatasi. "Kirusi hakikuonekana, hilo zuri. Lakini dawa haimo kwenye damu yake. Si kwamba imepungua. Haimo kabisa, kama mtu ambaye hajapata kuinywa maishani mwake. Kama ni kweli, mwili wake ungekwisha kuanza kupigana na uloto. Ngozi yake vipi? Tumbo?"

"Mzima, daktari. Anang'aa."

"Nataka damu nyengine upesi. Kesho kama mnaweza."

Nimekata simu. Tambi zimeungua. Dawa inaingia mdomoni mwa mwanangu, naiona kwa macho yangu, na ndani ya damu haimo. Sasa inakwenda wapi? Maneno ya wifi yangu yamenijia na sikuyaita: anayekula ni nani.

Mwenzangu unisamehe. Miaka yote hii nilikuwa nikiwacheka watu wa pepo. Leo wakati wa futari nilimpa Muzdalifa vidonge vyake mkononi, nikamtazama akivimeza, na nikajikuta nautazama mdomo wake kama nautazama mlango wa nyumba ambayo simjui aliyehamia. Kanambia, "Mama, mbona unaniogopa?" Nimesema joto tu, mwanangu, joto.

Alhamisi, 22 Ramadhani

Nimekaa Dar naandika haya siku mbili baadae, lakini nayatia kwenye siku yake.

Asubuhi nilimpaka Muzdalifa mafuta ya nazi, kama nifanyavyo kila Alhamisi, kwa kuwa dawa zinamkausha ngozi. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nilipofika kwenye kiwiko mkono wangu ukasita. Toka tuanze Jumatatu hizi pale ndani ya kiwiko huwa pana alama, kidoa cha kijani au cha manjano, ya juzi haijapona ya leo inakuja. Leo pasafi. Mkono wa pili, pasafi. Ngozi tupu kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na damu katolewa Jumatatu.

Nilisema moyoni mwangu, basi hata alama haikai.

Wakaadhini adhuhuri. Nilikuwa ukumbini natandika mswala, na Mudrik kasimama kwenye karo anatia udhu. Kakunja mikono ya kanzu. Kaosha mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Kaosha wa kushoto. Na pale ndani ya kiwiko cha kushoto nikaiona. Moja mbichi, rangi ya zambarau, na chini yake moja kuukuu inayogeuka manjano.

Alama za dada yake, kwenye mkono wake.

Kwa muda, na namwomba Mola anisamehe, niliamini. Niliamini kwamba wale wawili wamekuwa mmoja, kwamba sindano inaingia kwa huyu na tundu linatoka kwa yule, na dawa inamezwa na huyu ikaenda kwa yule. Nilikaa chini juu ya mswala. Bi Sichana kutoka jikoni kaniona, kafuata macho yangu mpaka kwenye mkono wa Mudrik. Na yeye, yeye wa pepo, ndiye aliyesema:

"Mudrik. Nani kakuchoma sindano?"

Maji yanatiririka bombani. Mudrik hakulifunga.

"Nani, mwanangu?"

"Mwenyewe."

Nikadakia. "Umejichoma mwenyewe kwa nini?"

"Mama, damu ni moja." Alikuwa anatazama karo. "Daktari mwenyewe alisema mbele yako. Kundi moja, kila kitu kimoja. Nikaona wakipima yangu ni sawa na kupima yake. Nimesoma, mama, seli zake zinatoka kwangu."

"Na kwa nini usimtoe yeye?"

Mlango wa juu ukafunguliwa, paka wakashuka mbele, na Muzdalifa nyuma yao.

"Mimi ndiye niliyemwomba," kasema. "Nikitolewa damu lazima ninywe maji. Na mimi nimefunga."

"Umefunga?" nikamwuliza.

"Nimefunga toka siku ya kwanza, mama. Sinia nawapa paka." Alishika kamba ya ngazi kwa mikono miwili. "Kila Ramadhani toka nizaliwe nyinyi mnangoja adhana na mimi nimelala naumwa, nalishwa uji mchana kama mtoto. Mwaka huu siumwi. Siumwi hata kidogo, mama, hujui ilivyo. Nikasema na mimi ningoje adhana."

Mudrik kaanza kulia, kijana mzima na ndevu zake. Nilisimama nikamshika Muzdalifa uso. Nikauliza lile ambalo nilikuwa nalo toka Ijumaa.

"Na nzi?"

"Wamezidi," kasema. "Upande huu. Sasa ni kama kuna pazia."

Ijumaa, 23 Ramadhani

Ndege ndogo ya asubuhi. Mvua ya kwanza ya masika imetupiga njia nzima ya kwenda uwanjani. Bi Sichana kabaki na nyumba. Mlangoni kanishika bega, barakoa iko juu mpaka machoni. Nimemwambia, "Wifi, wewe uliona. Mimi nikakufukuza." Kasema, "Niliona nzi, nikasema pepo. Wewe hukuona kitu, ukasema hakuna. Nenda, gari linangoja."

Daktari Rumana kachota damu mwenyewe. Nimemweleza yote, mbele ya Mudrik, maana sikutaka aadhirike mara mbili. Hakumfokea. Kakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza kama anavyoelezwa mwanafunzi.

"Mbegu ni zako, kweli. Lakini shamba ni lake. Kirusi kimeamka katika shamba lake, na dawa imo katika shamba lake. Wewe ulinipa damu ya kijana mwenye afya, na mimi nikampongeza mama yako."

Kisha kanigeukia mimi. "Na saumu haikukiamsha, Bi Ulfat, usilale ukilihesabu hilo. Pengine kingeamka hata angekunywa bahari. Tulichopoteza ni kukiona."

Jioni majibu yametoka. Sitoiandika nambari ya kirusi waliyoihesabu. Daktari aliisoma mara mbili kwanza kimya kimya. Kirusi kimeshaingia nyuma ya jicho la kushoto, pale panaposhika picha, na kinapala. Jengine bado zima. Mapafu bado mazima. Wamemtundikia dripu, na kesho watamchoma sindano ndani ya jicho lenyewe.

Muzdalifa kaomba nimfungulie msahafu. Kasoma kwa jicho la kulia.

Jumapili, 25 Ramadhani

Jana wamemchoma. Alinishika kidole, hakupiga kelele. Mimi nilipiga.

Jumatatu, 26 Ramadhani

Nambari imesimama. Haijashuka, lakini haijapanda. Bi Prabha kaja hospitali kutoka kwa mwanawe, kaleta ladu na uso wa msiba. Kamkuta Mudrik korido. Nilidhani atamtia maneno. Kamkalisha, kamkunja mkono wa kanzu, katazama zile alama mbili, na kamwambia, "Umechoma vibaya. Umepasua mshipa." Kisha kamkumbatia.

Jumatano, 28 Ramadhani

Hana homa. Neno hili nimeliandika mara ngapi, na nimeligundua halina uzito wowote.

Mudrik anataka kuacha chuo. Usiku nasali, na katika sijda sijui niombe nini kwanza, jicho, roho, au yeye.

Jumamosi, mosi Shawwal

Idd. Takbira zinasikika kutoka msikiti wa nyuma ya hospitali. Daktari Rumana kapita na kanga mpya begani, katupa mkono wa Idd, na kwenye mkono karatasi. Nambari imeshuka, nusu na zaidi ya nusu. Muzdalifa anauliza kama nzi wataondoka.

"Hawatazidi," kasema daktari. Na mtu mwenye huruma angeishia hapo, lakini huyu ana huruma ya namna nyengine. "Palipoliwa pameliwa, mwanangu. Upande wa chini wa jicho la kushoto hutoona tena."

Muzdalifa kafunika jicho la kulia kwa kiganja. Akatazama huku na huku chumbani, polepole, kama mtu anayekagua nyumba aliyopangishwa. Akanitazama mimi.

"Mama, huna miguu," kasema.

Akacheka. Nikacheka na mimi, kwa kuwa ilikuwa Idd.

Jumanne, 11 Shawwal

Bado dripu. Mvua.

Jumatatu, 17 Shawwal

Tumerudi Kiponda toka juzi. Vidonge badala ya dripu, na damu kila Jumatatu kama zamani. Bi Sichana bado yupo, hajaulizwa na hataki kuulizwa. Nyumba kaisugua mpaka ngazi zinateleza.

Asubuhi ya leo Bi Prabha kaja na vifaa vyake. Kavitandika mezani, kavaa glavu, kisha kazivua kamkabidhi Mudrik.

Mudrik karudi nyuma. "Hapana, mama Prabha. Mimi tena siwezi."

"Mimi natimiza sabini," kasema Bi Prabha. "Huyu atatolewa damu miaka. Utanibeba mgongoni nikamchome?"

Mimi nilitaka kukataa. Nakwambia kweli wewe unayesoma, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Huyu mtoto wangu kwa mapenzi tu karibu amuue dada yake, na dada yake kwa ibada tu karibu ajiue, na mimi nikiwapenda wote wawili nilikaa nikitafuta pepo kwenye karo la maji. Nani katika nyumba hii wa kupewa sindano?

Muzdalifa hakungoja mashauri yetu. Kaweka mkono mezani, kiganja juu. Ili amwone kaka yake ilimbidi ageuze kichwa kizima, kama kuku.

"Choma," kasema. "Na mlango uwe wazi."

Nimekwenda nikauweka mkono wangu chini ya wake, kiwiko chake ndani ya kiganja changu. Mudrik alitetemeka mpaka sindano ilipogusa ngozi, kisha hakutetemeka. Damu ikapanda kwenye kichupa. Nimeisogelea nikaitazama kwa karibu, nyekundu ya kuiva, nzuri. Ukiiweka mezani na ya Mudrik, na yangu, na ya wifi yangu, hapana jicho litakalozitenga. Inawezekana mna kitu humo kinafungua macho sasa hivi. Inawezekana hamna. Mwanangu kakaa mbele yangu kashiba, kapaka wanja, anamwambia kaka yake anachoma kama fundi viatu, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachonambia lolote.

Mudrik katoka na deli, namsikia anashuka ngazi. Mvua imepumzika. Kiganja changu bado kina moto wa kiwiko chake, naandika kwa mkono wa pili na herufi zinakwenda upande. Majibu Alhamisi, inshallah. Mpaka wakati huo sisemi ni mzima na sisemi ni mgonjwa. Nasema jina lake, naye anaitika.